Jiwe la njano la Uluguru: urani hubadilikaje, na hatari yake iko wapi

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kijiweni kwetu Morogoro asubuhi, kahawa ikiwa bado ya moto, akaketi ukingoni mwa benchi na kufungua kipande cha khanga. Ndani mlikuwa na jiwe la njano, kubwa kama kiazi mviringo. "Wazee wangu, shikamooni. Hii ni urani," alisema akishusha sauti. "Kuna mtu Dar kanipa bei. Kilo moja milioni mia." Benchi likapungua watu hapo hapo. Mzee mmoja alifunika kikombe chake kwa kiganja. Mwingine akauliza kama jiwe lile likidondoka litalipuka.

Nilimwomba aliweke kwenye mizani ya mama anayeuza nyanya jirani yetu. Halikufika hata nusu ya uzito niliokuwa nautafuta, na pale lilipogusa sahani liliacha unga wa manjano iliyofifia, unga ule ule ambao vijijini watu huuchanganya na maji wakapaka ukutani. Ulikuwa udongo wenye kutu ya chuma. Mama wa nyanya aliifuta sahani yake mara tatu, kisha akaisuuza kwa maji ya ndoo, na asubuhi yote hakuuza kwa mizani ile.

Hofu yake naielewa. Tangu Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kwenye mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, neno urani limeingia kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwenye mazungumzo ya baada ya ibada. Kila linapotajwa, hufuatana na mambo matatu: utajiri, bomu na saratani. Kila moja lina ukweli ndani yake, na kila moja limetiwa chumvi.

Kilichonisikitisha ni kitu kingine. Tulikuwa tumekaa chini ya milima ya Uluguru, na pale benchini hakuna aliyejua kuwa milima ile kweli imewahi kutoa jiwe la njano la urani. Tena si jiwe la kubahatisha: ni aina ya madini ambayo ulimwengu uliitambua kwa mara ya kwanza kutokana na mawe ya Uluguru, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Inaitwa rutherfodini. Wataalamu wa madini Ulaya, Marekani na Japani wanalijua jina la Morogoro kwa sababu yake.

Tuanze na maneno, kwa maana ubishi mwingi wa kijiweni huzaliwa hapo.

Mwamba na madini si kitu kimoja. Fikiria sahani ya pilau. Pilau nzima ndiyo mwamba. Punje za wali, vipande vya nyama, iliki na bizari ndizo madini: kila moja ina umbo lake, rangi yake na tabia yake, na ukiwa na subira unaweza kuzichambua moja moja. Elementi ni jambo la ndani zaidi, ni vile vitu vya asili ambavyo madini yote yameundwa navyo: chuma, shaba, dhahabu, oksijeni, kaboni. Urani ni elementi. Kwa hiyo mtu akisema ameona "jiwe la urani", swali la kwanza ni hili: urani iliyo ndani ya madini gani? Maana elementi hiyo moja inapatikana ndani ya madini zaidi ya 200, na baadhi yake ni meusi, mengine manjano, mengine ya kijani kibichi kama jani la mgomba.

Madini hayo yote yamegawanyika katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni madini ya msingi, yaani yale yaliyoumbika ndani kabisa ya ardhi, kwenye joto kali, bila hewa. Mkubwa wao ni uraninaiti. Ni nyeusi kama lami iliyokauka na ni nzito ajabu: kipande chake cha ukubwa wa ngumi kinaushinda uzito kipande cha chuma cha ukubwa huohuo. Kundi la pili ni madini ya upili. Haya huzaliwa baadaye, karibu na uso wa ardhi, pale maji ya mvua na hewa vinapoyafikia yale ya msingi na kuanza kuyala.

Mfano uko juu ya paa lako. Bati jipya linang'aa. Lipigwe na mvua za masika kadhaa, linavaa kutu. Kutu si chuma tena, lakini chuma hakijapotea, kimeshikana na oksijeni na maji kikawa kitu kipya, laini, chenye rangi nyingine, kinachobanduka kwa kidole. Madini ya upili ni kutu ya urani. Uraninaiti nyeusi ndiyo bati. Rutherfodini ya njano ni mojawapo ya kutu zake.

Nimesema mojawapo kwa sababu hapa urani inatofautiana sana na chuma. Ikiguswa na maji yenye oksijeni, huyeyuka na kuanza safari, na njiani hufunga ndoa na yeyote itakayemkuta. Ikikuta shaba na fosfeti, huzaliwa tobenaiti, ya kijani iliyokolea. Ikikuta chokaa na fosfeti, huzaliwa otunaiti, ya manjano inayoelekea ukijani. Ikikuta vanadi na potasiamu, huwa kanotaiti, ya njano kama bizari, ambayo ndiyo inayochimbwa Langer Heinrich kule Namibia. Na ikikuta kaboneti (kaboni iliyoshikana na oksijeni) peke yake, bila shaba, bila chokaa, bila mtu mwingine yeyote, ndipo inapozaliwa rutherfodini.

Jiwe lenyewe

Wakati wa utawala wa Wajerumani, Uluguru ilikuwa na machimbo ya ulanga, yale madini yanayobanduka kwa tabaka nyembamba kama karatasi za kioo, ambayo siku hizi wengi huyaita maika. Ulanga ulikuwa na soko kwa sababu hauungui na haupitishi umeme. Unapatikana kwenye mishipa ya mwamba yenye punje kubwa sana, mishipa iliyopoa polepole ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ndani ya mishipa hiyo hiyo, upande wa Lukwangule, wachimbaji walikuwa wakikutana na mafumba mazito yaliyovaa gamba la njano.

Mawe hayo yalisafirishwa hadi Berlin, yakafika kwa mkemia Willy Marckwald. Ukiyavunja, unaona jambo la kupendeza. Nje ni njano, laini, unga-unga. Umbo lake ni la pembe zilizonyooka, umbo la fuwele ya uraninaiti. Na mara nyingine katikati kabisa kumebaki kiini cheusi kinachong'aa, uraninaiti yenyewe ambayo bado haijaliwa. Ni kama muhogo uliochomwa ukawa mkavu na kubadilika rangi kwa nje, lakini ukiuvunja unakuta katikati ungali mbichi, na umbo lake bado ni lile lile la muhogo.

Marckwald aliupima unga ule wa njano akakuta ni urani, oksijeni na kaboneti tu. Mwaka 1906 aliutangaza kuwa madini mapya na akayapa jina la Ernest Rutherford, mwanasayansi aliyekuwa akifundisha Montreal, Kanada, wakati huo. Rutherford pamoja na mwenzake Frederick Soddy walikuwa wameonyesha kuwa atomu za mionzi, yaani chembe ndogo kabisa za elementi zenye mionzi, huvunjika zenyewe na kugeuka atomu za elementi nyingine. Miaka miwili baadaye, 1908, alipewa tuzo ya Nobel ya kemia. Jina la Marckwald likabaki kwenye vitabu, na la Rutherford likabaki kwenye jiwe. Watu walioyachimba mawe yale hawakuachiwa kitu. Nalisema hili bila uchungu wa bure, ila ni haki lisemwe: hakuna jiwe lililowahi kutembea lenyewe kutoka Lukwangule hadi Berlin. Kuna mgongo uliolibeba kushuka mlima ule.

Kwa nini ni adimu? Kaboneti inatokana na hewa ya ukaa, na hewa ya ukaa iko kila mahali. Mtu angetegemea kila penye urani na mvua pawe na rutherfodini. Haiko hivyo, na sababu yake ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote.

Hewa tunayovuta ina hewa ya ukaa kidogo mno. Kwa kiasi hicho, urani iliyolowa hugeuka madini mengine ya njano, yasiyo na kaboneti kabisa. Ili rutherfodini itokee, hewa ya ukaa lazima iwe nyingi kuliko ya angani, kama ilivyo ndani ya udongo wenye uhai, ambako mizizi inapumua na vijidudu vinaozesha majani usiku na mchana. Lakini kaboneti ikizidi majini, na maji yasipokuwa na uchachu, mambo hugeuka: inaishika urani na kuondoka nayo. Urani haiwi jiwe tena, inakuwa maji yanayotiririka.

Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi ya Bagamoyo atanielewa upesi. Maji ya bahari ndiyo yanayoleta chumvi shambani, na jua likiwaka inaganda nyeupe. Bahari ikirudi kabla hujavuna, maji yale yale yaliyoileta yanaichukua. Rutherfodini huishi katikati ya hali hizo mbili, na katikati hapo ni pembamba. Ndiyo maana duniani kote hupatikana kwa vipande vidogo, gamba hapa, nyuzinyuzi pale, na hakuna mgodi hata mmoja uliojengwa kwa ajili yake.

Majirani zake wa Katanga

Baada ya Uluguru, mahali panapotajwa sana ni Shinkolobwe, Katanga, upande wa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili cha Lubumbashi na Likasi. Urani ya hapo iligunduliwa mwaka 1915, na haijapata kuonekana nyingine kama yake: kuna mafungu ya mawe yaliyokuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65. Linganisha na machimbo mengi ya siku hizi, ambako tani nzima ya mwamba hutoa gramu mia chache.

Mwanzoni kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière haikuitaka urani yenyewe. Ilitaka radiamu, elementi nyingine yenye mionzi iliyofichwa ndani yake, kwa ajili ya hospitali na rangi za saa, na urani ikahesabiwa kuwa makapi. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Yalikaa ghalani mpaka jeshi la Marekani lilipoyahitaji, na sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza mabomu ya 1945 ilitoka Kongo. Baadaye mashimo ya Shinkolobwe yalizibwa kwa zege. Wachimbaji wadogo walirudi juu yake kutafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku, na mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu.

Kwa wenye kupenda madini, Shinkolobwe ni bustani ya rangi. Katanga ndiko yalikotambuliwa kwa mara ya kwanza madini mengi ya upili ya urani: kyuraiti, bekereliti, sklodovskaiti, sodiaiti, yote yakibeba majina ya wanasayansi wa Ulaya, na sengieraiti iliyobeba jina la mkurugenzi yule. Machache yalipewa majina ya mahali: kasolaiti kutokana na Kasolo, swamboaiti kutokana na Swambo, kamotoaiti kutokana na Kamoto. Hii ya mwisho ni ndugu wa karibu wa rutherfodini, nayo ni ya njano na ina kaboneti.

Mionzi yenyewe ni nini?

Atomu ya urani ni kubwa mno. Kiini chake kimejaa kupita kiasi, hivyo mara moja moja hurusha kipande chake nje ili kipumue. Kile kilichorushwa ndicho tunachokiita mionzi.

Weka mahindi ya bisi kwenye kikaango. Punje hazipasuki kwa pamoja. Moja inapasuka sasa, nyingine baadaye, na huwezi kusema ipi itafuata. Atomu za urani zipo hivyo, ila kwa tofauti mbili. Ya kwanza, kikaango hiki kina polepole isiyosemeka: nusu ya atomu za urani ya kawaida huchukua miaka bilioni 4.5 kupasuka, karibu sawa na umri wa dunia. Ya pili, moto hauongezi kasi. Ukiichoma, ukiilowesha, ukiigeuza kuwa nyeusi au njano, atomu haijali, kwa sababu kutu na ndoa zote nilizozieleza ni mambo ya nje ya kiini.

Hapo ndipo penye jibu la swali ninaloulizwa mara kwa mara: je, ile ya njano ni hatari kuliko nyeusi? Gramu kwa gramu ya urani, atomu zake ni zile zile. Tofauti iko kwa watoto. Urani ikipasuka huacha elementi nyingine, nazo hupasuka na kuacha nyingine, ukoo mrefu wenye radiamu na gesi ya radoni ndani yake, unaoishia kwenye risasi, ile metali nzito na laini. Maji yanapoihamisha urani, mara nyingi huwaacha watoto nyuma, kama mzazi anayehamia mjini na kuwaacha wanawe kwa bibi. Kwa hiyo madini ya upili yaliyozaliwa karibuni yanaweza kuwa na mionzi midogo kuliko jiwe jeusi la kale lenye ukoo mzima ndani yake. Marie Curie aliliona jambo hili mwaka 1898: tobenaiti ya ardhini ilikuwa na mionzi mara mbili ya urani tupu, ilhali tobenaiti aliyoitengeneza mwenyewe maabara haikuifikia. Akajua kuwa ndani ya ile ya ardhini amejificha mwingine. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye radiamu.

Na Morogoro nayo ina ukurasa wake. Mwaka 1913 Soddy alikuwa ametoa neno isotopi, akimaanisha kuwa elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti. Wengi hawakushawishika. Kati ya 1914 na 1915, wakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walichukua risasi iliyozaliwa ndani ya uraninaiti ya Morogoro, risasi iliyotokana na urani kwa mamilioni ya miaka, wakaisafisha na kuipima. Uzito wa atomu zake ulikuwa 206.046. Risasi ya kawaida ni 207.2. Rangi ile ile, kemia ile ile, uzito tofauti. Uraninaiti ya Norwei ilitoa namba inayokaribiana na ile ya Morogoro. Isotopi zilikuwa zimethibitishwa, na ushahidi safi kuliko wote ulitoka kwenye milima inayotazamana na kijiwe chetu. Horovitz, Myahudi mzaliwa wa Warsaw, aliuawa na Wanazi kambini Treblinka mwaka 1942.

Tulipokosea kijiweni

Jiwe halilipuki. Kilo moja ya rutherfodini safi ina kama gramu 720 za urani, lakini karibu yote ni isotopi ile nzito, urani 238 (namba ni uzito wa atomu zake). Ile inayoweza kuwasha mlipuko, urani 235, haifiki asilimia 1. Kwenye kilo hiyo ni gramu 5 hivi, zimetawanyika kama punje za mchanga kwenye gunia la mchele. Ili urani iendeshe vinu vingi vya umeme, sehemu hiyo huongezwa mpaka kufikia asilimia 3 hadi 5. Ili iwe bomu hupelekwa hadi asilimia 90 hivi, kwa mitambo ambayo ni mataifa machache sana yameweza kuijenga. Liangushe, ligonge, litupe motoni: halitalipuka. Usilitupe motoni hata hivyo, sababu yake inakuja.

Wapo watakaonikumbusha Oklo, Gabon, ambako mwaka 1972 ilibainika kuwa urani ya ardhini iliwahi kuwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia. Ni kweli. Lakini hilo lilitokea karibu miaka bilioni 2 iliyopita, wakati urani 235 ilikuwa bado haijapungua na ilifikia asilimia 3 hivi. Leo haiwezekani ardhini.

Haling'ai gizani. Otunaiti huwaka kijani ukiimulika kwa taa ya zambarau ya kukagulia noti, na hapo ndipo uvumi ulipoanzia, lakini kung'aa huko si mionzi, na taa ikizimwa kunaisha. Rutherfodini hata chini ya taa hiyo haina cha kujivunia.

Rangi ya njano si ushahidi. Salfa ni njano, udongo wa kutu ni njano, na kuna mawe mengi ya njano yasiyo na habari na urani. Uzito nao husaidia kulikataa jiwe tu. Kijana wetu tulimkatalia kwa sababu rutherfodini ina uzito wa kama mara mbili ya jiwe la kawaida, na lake lilikuwa jepesi. Lingekuwa zito, lisingethibitisha lolote. Kinachothibitisha ni kipimo cha mionzi na maabara.

Na bei. Januari 2024, wakati soko la urani lilipopanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 16, ratili moja ya oksidi iliyokwisha kusafishwa ilipita kidogo dola 100. Piga hesabu: kilo moja haikufika dola 250, tena ya unga uliotoka kiwandani, wenye nyaraka, unaouzwa kwa tani kwa makampuni ya umeme. Hakuna mnunuzi wa jiwe moja ndani ya khanga. Anayekuahidi milioni mia anataka kwanza "ada ya kupimia" au "pesa ya kibali", na ukishaituma simu yake haitapatikana tena. Mwingine anaweza kuwa askari kanzu, kwa kuwa kumiliki na kuuza madini ya mionzi bila kibali ni kosa. Kijana anaweza kujikuta mikononi mwa polisi kwa jiwe ambalo hata si urani. Hili linaniuma kuliko yote.

Hatari iliyopo kweli

Mionzi mingi ya urani ni ile inayoitwa alfa. Karatasi inaizuia. Ngozi ya mkono inaizuia. Kwa hiyo kulishika jiwe dakika moja na kunawa si msiba, na hadithi za mtu kukosa uzazi kwa kupita karibu na jiwe hazina msingi. Lakini ikiingia ndani, kwenye mapafu au tumbo, hapana ngozi ya kuizuia tena. Na madini ya upili, kumbuka, ni kutu: laini, unga-unga, hubanduka kwa kidole. Kulisaga, kulivunja kwa nyundo, kulipuliza, kulilamba, kulichoma, ndiko kuikaribisha. Kuliweka uvunguni mwa kitanda kwenye chumba kisicho na dirisha ni kulala na gesi ya radoni. Gesi hiyo ndiyo iliyowaua kwa saratani ya mapafu wachimbaji wengi wa Jáchymov, mpakani mwa Cheki na Ujerumani, kabla hewa ya migodini haijaanza kusukumwa nje kwa feni.

Ukikutana na jiwe unalolishuku, liache lilipo, nawa mikono, wazuie watoto, na toa taarifa ofisi ya madini ya mkoa au kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC. Wao wana vipimo.

Yupo mzee aliyeniuliza siku ile swali lililokuwa zuri kuliko yote, nami sikumjibu vizuri: "Mwanangu, kama lipo mlimani, si tunalinywa?" Alikuwa na maana mito ya Uluguru, inayoungana kuwa Ruvu na kushuka hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam.

Swali lake ni la haki, kwa sababu habari ya rutherfodini yote ni habari ya maji. Urani kidogo ipo katika mito na visima karibu vyote duniani, hata penye hakuna mgodi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa, na kiwango hicho kimewekwa hasa kwa ajili ya figo. Urani ni metali nzito, na ndani ya maji sumu yake huitangulia mionzi yake. Mishipa ya ulanga ya Uluguru ni membamba na imetawanyika, na fumba moja la jiwe likiliwa na mvua kwa maelfu ya miaka halilingani na mamilioni ya lita zinazoshuka kila siku.

Hali ni tofauti pale mwamba unapochimbwa kwa wingi, ukasagwa na kuloweshwa, kama inavyokusudiwa Namtumbo, au pale urani ilipokwisha kuletwa na maji hadi karibu na uso wa ardhi, kama kwenye mbuga za Bahi na Manyoni, kwenye mabonde ambamo watu wanalima na kuchota maji. Huko swali la mzee lina jibu linalopimika. Kisima hupimwa kabla mgodi haujafunguliwa, masika na kiangazi, namba zikaandikwa na kubandikwa ofisi ya kijiji mahali kila mtu anaposoma. Kisima hicho hicho kinapimwa tena mwaka hadi mwaka. Bila ile namba ya kwanza, kampuni itasema urani ilikuwepo tangu zamani, mwanakijiji atasema imeletwa, na hakuna atakayeweza kuonyesha nani kasema kweli.